Vidole Visivyoogopa Moto

Kila nipitapo penye samaki wa moshi sokoni Nchelenge, harufu ile hunirudishia zee moja jinga, mume wa mama yangu mdogo. Wachuuzi waliposhuka mtumbwini kutoka Kilwa, ng'ambo ya ziwa letu, liliwaita, "Kuyeni muone! Moto inaogopa muke yangu!"

Mama mdogo akaingiza mkono kwenye makaa, akageuza samaki kwa vidole vitupu, uso mkavu. Watu wazima na akili zao wakapiga makofi. Zee likavimba kifua, kana kwamba vidole ni vyake. Malengelenge hayakulihusu.

Hakuna aliyeuliza kwa nini haumii. Moto ukigusa kidole, mishipa ya fahamu hupeleka habari, na mkono huruka kabla hujafikiri. Ya mama mdogo ilikuwa imekufa. Kifo hicho zee lile lilikiita ujasiri, na likataka kushangiliwa.

Jioni hiyo tulirudi kutoka kuchota maji ziwani, mama mdogo amenishika mkono. Giza lilipomzuia kuona vidole vyake, alisimama, akaniuliza polepole, "Mutoto yangu, niko nakukamata mukono, ao nilishakuachilia?"