Mama Ameisugua Bunduki Namba Kumi na Saba

Nimejifungia chooni kwangu, mgeni yuko sebuleni na mama.

Mnajua nakusanya bunduki za kale za Kimarekani. Hii ya mitutu miwili ni namba kumi na saba, yaani kati ya zile za kwanza kabisa kutoka kiwandani. Leo mkusanyaji mwenzangu, mzee wa Kimarekani, kaja mpaka kwangu hapa Lanham, Marekani, kuiona tu.

Nafungua kabati.

Inang'aa kama sufuria ya Idi.

Mama, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, yuko mlangoni anafuta mikono. "Mgeni anakuja, halafu kitu kina kutu vile? Nimeisugua kwa stili waya na limau."

Jamani, ile rangi ya uzee ndiyo thamani yenyewe.

Mzee kaigeuza. Kaitafuta namba kwa kidole. Ipo, ila hafifu. Akauliza nani kafanya hivi.

Mama hajui Kiingereza. Alikuwa anamtazama usoni, anangoja asifiwe.

Nikasema, "Mimi."

Mama akanigusa bega. "Amependa, eh? Mwambie na za kwake alete nimsafishie."

Mzee akaniuliza mama anasema nini.

Nikaomba kwenda chooni.

Nitoke na jibu gani?