Kamba ya Juu Ilikuwa Nzima

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingi, mwanangu, ni ile niliyoficha jambo moja dogo kwa sababu ya huruma. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, katibu wa kamati ya ufuo wetu wa wavuvi kule Usenge, kando ya ziwa. Sikuchaguliwa kwa hekima. Nilichaguliwa kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka na nilikuwa na kalamu mbili.

Sasa naishi hapa mjini, mtaa wa Migosi, na mvi zimeanza kunitembelea. Nimesikia kwamba wewe nawe umechaguliwa katika kamati ya wapangaji. Yatakujia mashauri ya maji, ya taka na ya kelele, na katika kila shauri atakuwepo mtu wa kuonewa huruma. Ndiyo maana nakuandikia.

Asubuhi hiyo Mama Atieno, mjane wa watoto wanne, alifika ufuoni akiburuta nyavu zilizoraruka. Wanawake kwetu hawakuwa wakienda kuvua. Yeye alikuwa na mtumbwi mdogo, akawapa vijana wawili wazitege nyavu zake jioni kando ya matete na kuzivuta alfajiri, kisha wagawane samaki. Nyavu hizo ndizo zilizomlisha tangu mumewe afariki. Alisema zimekatwa na injini ya mashua ya tajiri mmoja wa pale, mtu mwenye mashua sita. Nahodha wa mashua hiyo aliitwa Odongo.

Nilitumwa kuzikagua. Nilizitandaza mchangani, kando ya omena, dagaa wetu wa ziwani, waliokuwa wakikauka, nikazipitia pima kwa pima. Kamba ya juu, ile inayoshika maboya, ilikuwa nzima. Tundu lilikuwa chini, kubwa kama mlango, na mafundo yake yalikuwa yamevutwa hadi yakafunguka. Tena kulikuwa na tope jeusi la kwenye matete. Sasa, panga la injini hupita karibu na uso wa maji. Likikuta wavu, huanza na kamba ya juu. Anayepasua kutoka chini na kuacha tope ni kiboko. Mvuvi yeyote anajua hilo. Nami nilijua.

Lakini nilipoinua macho nilimwona Mama Atieno amesimama pembeni, amevaa ndala mbili zisizofanana. Nikajiambia: kiboko hana cha kulipa, tajiri anacho. Nikaandika, "Nyavu zimeharibika vibaya," nikaweka nukta. Kila neno lilikuwa la kweli.

Shauri lilisikilizwa mchana. Tajiri hakuja, alimtuma nahodha wake. Mama Atieno tulimpa kiti cha plastiki na maji ya kunywa. Odongo alisimama juani, kofia mkononi.

"Mimi nilipita mbali na matete," alisema. "Waulizeni hata wale nilikuwa nao."

"Wale ni wako," mmoja wetu akamjibu. "Na wewe si huendesha hiyo mashua kama boda boda ya Kondele?"

Watu wakacheka. Odongo akangoja wanyamaze.

"Basi angalieni nyavu," akasema.

Wote wakanigeukia. Nikasoma nilichokuwa nimeandika.

Tukaamua tajiri amnunulie mama nyavu mpya. Nilirudi nyumbani kifua mbele. Watu husema mnyonge hana haki. Mimi nilidhani nimeupindua msemo huo kwa kalamu yangu.

Tajiri alinunua nyavu bila maneno mengi. Kisha akamfukuza Odongo. Wenye mashua wengine nao wakakataa kumchukua, kwa maana nani atampa chombo nahodha anayekata nyavu za wajane? Haukupita muda mrefu, nikamkuta mkewe sokoni akiparua magamba ya samaki wa watu, mtoto mgongoni. Nilijifanya sikumwona. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nami nilikuwa nimembebesha Odongo mzigo ule nikidhani naupeleka kwa tajiri.

Aliyenifungua macho ni Jaduong' Aloo (jaduong' kwetu ni mzee anayeheshimiwa), mzee wa kanisa na fundi wa kushona nyavu. Mama Atieno alikuwa amempelekea zile nyavu kuukuu azitengeneze. Akaniita kibandani kwake.

"Katibu, keti. Hii ni nini?"

"Kamba ya juu, Jaduong'."

"Imekatika?"

"Hapana."

Aliendelea kupitisha sindano yake ya mbao. "Sasa siku ile ulikuwa na macho, ama ulikuwa na kalamu tu?"

Nikamwambia ukweli: nilimhurumia mama, na tajiri hangehisi kitu.

"Huruma yako ni nzuri," alisema bila kupandisha sauti. "Lakini uliitoa mfukoni mwa Odongo."

Halafu akanisimulia kwamba ujanani alifanya kazi Nairobi, katika duka la mzee mmoja Myahudi. "Yule mzee alikuwa akiniambia, sheria ya Musa inamfunga mwamuzi kamba mbili. Ya kwanza, usimpendelee mkubwa kwa ukubwa wake. Hiyo hata sisi tunaijua, ingawa hatuishiki. Ya pili ndiyo ilinishinda: usimpendelee maskini kwa umaskini wake. Nikamuuliza, sasa maskini atasaidiwa na nani? Akanitazama, akasema, 'Kwani wewe huna mikono?'"

Nikapeleka neno kwa kamati; siku iliyofuata shauri lilifunguliwa upya, Jaduong' akiliongoza, na safari hii tajiri aliitwa mwenyewe. Jaduong' aliagiza kiti cha plastiki kiondolewe. Akawaketisha mjane, nahodha na tajiri juu ya mtumbwi mmoja uliopinduliwa, bega kwa bega.

"Jaduong', suruali yangu," tajiri akalalamika.

"Mtumbwi haujui suruali ya nani," akajibiwa.

Nikasimama, nikasoma upya: kamba, tundu, tope. Nikasema niliyaona yote tangu mwanzo, nikayaacha kwa makusudi. Nilitarajia Mama Atieno anikasirikie. Aliniangalia tu, kisha akasema polepole, "Kwani nilikuomba uongo, mwanangu? Mimi sikujua kama ni kiboko. Ungeniambia." Maneno hayo yaliniuma kuliko karipio la mzee, maana nilikuwa nimemfanya mwongo mama mkweli, bila yeye kujua.

Kamati ikaamua nyavu mpya zirudi kwa tajiri, na jina la Odongo lisafishwe palepale mbele ya watu wote. Mama Atieno mwenyewe alizileta, zimekunjwa vizuri. Hapo Jaduong' akavua kofia yake.

"Hukumu imekwisha," akasema. "Sasa tuanze huruma." Akaja kwangu kwanza.

Nilikuwa na baiskeli moja. Niliitoa, nikaomba apewe Odongo, maana yeye ndiye niliyemdhulumu. Watu wengine wakatoa walichokuwa nacho kwa ajili ya mama. Tajiri akajipangusa magoti, kisha akazisukuma zile nyavu mpya hadi miguuni pa Mama Atieno. "Zibaki kwako," akasema. "Sasa natoa mimi."

Nyavu zilikuwa zile zile, lakini safari hii hakuna mtu aliyefungwa ndani yake. Mwezi uliofuata Odongo alirudi kwenye mashua. Baiskeli hakunirudishia, nami sikuidai.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma juu ya jambo hili, kidogo kidogo, bila mwalimu, katika vitabu vikuukuu vya kandokando ya barabara. Nimeona kwamba walimu wa Kiyahudi wa zamani walilifikiria kwa makini sana. Walikataza mmoja wa wenye shauri aketi huku mwenzake amesimama. Walimkataza mwamuzi kumsikiliza wa kwanza kabla wa pili hajafika. Niliposoma hayo nilikumbuka kile kiti cha plastiki. Na watu hao hao waliwekewa amri nzito ya kumsaidia maskini, mjane na mgeni. Hawakuona mgongano. Huruma ina siku yake na mkono wake. Hukumu nayo ina yake.

Leo shauri haliji ufuoni tu. Mtu anatuma picha kwenye kundi la simu, na kabla ya chai ya saa nne mwenzake amekwisha kuhukumiwa. Tunauliza nani mkubwa, nani mnyonge, nani wa kwetu; hatuulizi kamba ya juu ikoje. Mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake, na aliye mwema huivuta vilevile, ila yeye huivuta bila aibu.

Basi, mwanangu, uketipo kuamua, waketishe wote mahali pamoja. Andika ulichokiona, hasa kile ambacho ungependa usingekiona. Ukishamaliza, na moyo ukikuuma kwa ajili ya aliyeshindwa, mfuate nje na umpe kilicho chako.

Mungu akupe jicho lisilotetemeka na mkono usiofumbwa. Na kila atakayetoka mbele yako, awe ameshinda au ameshindwa, aweze kukusalimia kesho njiani bila kuinamisha kichwa.