Chupa ya Veneranda

Chimala nzima inajua: ukiwa na haraka ya kuambiwa una taifodi, usiende kwa Veneranda. Vibanda vya kando ya barabara kuu vitakupima dakika tano na kukukabidhi ugonjwa wako ukiwa bado wa moto. Veneranda amekaa maabara ya hospitali miaka kumi na tisa, na haraka ya watu haijawahi kumtisha.

Gerson, au Baba Devota, mkulima wa mpunga wa Madibira, aliletwa na mkewe Paskalina akiwa na homa ya wiki tatu. Suruali ilimpwaya. Mkononi alishika vyeti vitatu, vyote vya taifodi, vyote vya kidonge kilekile.

"Dokta, usihangaike kunipima. Niandikie tu dozi ya nne."

"Baba Devota, kaa hapo."

Akamtoa damu, kisha akajitoa na yeye mwenyewe. Alipozizungusha damu hizo kwenye mashine mpaka maji yake yakajitenga, aliweka matone mawili juu ya kigae cheupe, la Gerson na lake, akayatilia dawa ya kupimia, akakitikisa taratibu. Yote mawili yakafanya chembechembe, alama ileile ya taifodi ya kule vibandani.

Paskalina akashika kinywa. "Kumbe na wewe unaumwa!"

"Mimi asubuhi nimemaliza sahani nzima ya wali!" Veneranda akacheka. "Huku kwetu nani hajawahi kukutana na wadudu hao? Kigae hiki kinakumbuka hata taifodi ya zamani. Tuiulize chupa." Akatia damu ya Gerson kwenye chupa yenye supu ya kuoteshea wadudu, akaiweka kwenye kabati la joto. Daktari wa zamu akamlaza mgonjwa wodini.

Moyoni Veneranda alikuwa na hakika si taifodi. Siku ya pili chupa ikachafuka, na wadudu walioota humo walikuwa wa taifodi kweli. Aliona haya, lakini haya ya dakika moja tu. Mdudu akishakamatwa anahojiwa. Akawapanda kwenye sahani ya maabara, akapanga juu yake vikaratasi vyenye dawa mbalimbali.

Siku ya nne Gerson hakuweza hata kuketi. Paskalina alishaanza kuulizia gari la kumrudisha Madibira akafie nyumbani, huku analia. Veneranda akaingia wodini na picha ya sahani kwenye simu.

"Dawa uliyokuwa unameza ni hii. Ona, wameota mpaka mlangoni pake. Sasa tazama hii nyingine: pembeni pake peupe, hakuna kitu. Hii inawaua."

Gerson aliikodolea macho. "Kumbe wiki tatu nilikuwa nawapalilia!"

Sindano ya kwanza ya dawa hiyo ilichomwa mchana uleule. Siku ya kumi Gerson aliketi mwenyewe, akamaliza sahani ya wali, na Paskalina akaulizia gari tena, safari hii bila machozi. Mpunga ulikuwa unamngoja mwenyewe.