Nilisaini, Uwanja Ukabaki Mtupu

Jamani, nimekosa. Tena si kosa la kupitiwa, ni la tamaa. Kila ninaposikia watu wanabishana nani ana haki ya kuuza mpira kwa televisheni, naondoka barazani bila kuaga.

Miaka ile televisheni ndiyo kwanza zinaingia Dar, nilikuwa katibu wa klabu moja ya ligi huku Temeke. Sitaitaja. Klabu ilikuwa ya wanachama, lakini muhuri ulikaa kwenye mkoba wangu. Nilikwenda nao hata sokoni, kwa sifa tu!

Beki wetu, nitamwita Shomari ingawa si jina lake, alivunjika mguu kwenye mechi. Mfupa ukaunga vibaya. Daktari akasema apasuliwe mapema unyooshwe, la sivyo atachechemea maisha yake yote. Enzi za kutibiwa bure zilikuwa zimeshapita. Wanachama wakakutana, wakakata shauri: viingilio vyote vya mechi yetu ya mwisho nyumbani ni vya mguu wa Shomari. Alilia mbele za watu siku hiyo.

Wiki ileile akaja ofisini bwana mmoja wa televisheni, tai shingoni. Wanataka kuionyesha mechi hiyo moja kwa moja. Wakati huo hakuna aliyejua vizuri haki hizo ni za nani. Sie tuliambiwa tu kwamba klabu mwenyeji iamue yenyewe. Nikamwambia lazima niitishe mkutano wa wanachama.

"Mkutano wa nini, braza?" akacheka. "Temeke hii wangapi wana televisheni? Mtaa mzima hazifiki tano. Mashabiki wako watakuja uwanjani kama kawaida. Na wewe hatukuachi hivihivi, kuna televisheni moja ya rangi, ya kwako."

Ya rangi! Nikatoa muhuri, nikagonga. Nyumbani nikamdanganya mke wangu kwamba nimekopeshwa.

Mjinga mimi! Nilihesabu televisheni, sikuhesabu watu. Huku kwetu televisheni ya mtu mmoja ni ya nani? Ni ya mtaa mzima. Ukijifungia nayo ndani, majirani watakuonaje? Inatolewa barazani, mikeka inatandikwa, anayekuja na kigoda chake hafukuzwi. Na mabanda ya video nayo yaliweka vibao vya chaki tangu asubuhi: leo mpira moja kwa moja.

Nilipoingia uwanjani saa kumi, nikatazama huku na huku. Majukwaa meupe! Wauza tiketi wanapiga soga, vitabu vyao havijapungua.

Shomari alikuwa ameletwa ili awashukuru mashabiki. Amevaa kanzu, amekaa kwenye benchi na magongo yake. Tulishinda, lakini hata goli letu lilishangiliwa na sauti za kuhesabika. Filimbi ya mwisho ilipolia akaniita.

"Shikamoo katibu. Mbona watu hawajaja? Wamenichoka?"

"Marahaba, mdogo wangu. Ah, mpira wa siku hizi..."

"Miaka saba nimeichezea timu hii. Mie kumbe sina mtu."

Hapo ndipo ningesema. Neno moja tu! Badala yake nikamjibu, "Binadamu ndio walivyo, Shomari." Yaani nikawasingizia watu wote wa Temeke ili mimi nibaki safi.

Kufika nyumbani, mke wangu keshaitoa ile televisheni uani, sikupata pa kupita. Uani kumejaa hadi barabarani, wamama, wazee, mashabiki wetu wale wale wa kila wiki. Mama Zuhura, jirani yetu muuza vitumbua, akanirukia.

"Shemeji, hongera! Shomari tumemwona, kakaa kwenye benchi maskini, nimelia mie! Amepata za kutosha, eti?"

"Mbona hamkuja uwanjani?"

"Si tulijua wengine wamekwenda!"

Kila mtaa ulijua mtaa mwingine umekwenda.

Zilizopatikana hazikufika hata robo ya gharama. Ningeweza kuitisha mchango, na watu wangetoa! Lakini kwenye mkutano wangeuliza nani aliruhusu televisheni. Nikapiga kimya. Wiki zikapita, daktari akasema sasa wamechelewa. Shomari akahamia Bunju kwa shangazi yake.

Mwaka jana nilimkuta karibu na machimbo ya Wazo, kulekule upande wa Bunju, amekaa anaponda kokoto, mguu umepinda kwa nje. Aliniamkia kwa heshima ileile. Nikamuuliza kama bado anafuatilia ligi.

"Mpira una watu wake, katibu. Mie sikuwa na watu."

Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Nikamtakia kazi njema, nikaondoka. Nilijichukia sana siku hiyo!

Wewe uliyekabidhiwa muhuri wa watu, usiugonge peke yako, hata uahidiwe nini. Rudi kwa wenye klabu uwaulize. Na ukishakosea, sema siku ileile. Aibu yake utaizoea, lakini mtu uliyemwacha aamini hapendwi, hata ukimkuta hutajua uanzie wapi.

Shomari, kama yupo anayekusomea haya: watu hawakukuchoka. Walijaa kwangu wanakulilia, wakidhani wenzao wapo nawe. Mimi nilijua, nikanyamaza.