Fundi Damiani na neno la marehemu Paulo

Saa tatu asubuhi, kwenye baraza ya duka la Ramniklal mjini Singida, Damiani Mughwai amefungua mgongo wa rekoda ya tepu, zile za magurudumu mawili, na pua yake imo ndani. Hagusi kitu. Ananusa.

"Nani ameitia mafuta ya nyonyo?" anauliza.

Wageni wake wawili wamefika na basi kutoka Ulemo. Theresia ni mjane. Gasto ni katibu wa kikundi cha ngoma cha kijiji, na ndiye mtunzaji wa rekoda hii. Kwa sasa Gasto anatazama barabarani kana kwamba swali limeulizwa kwa jirani.

Jumamosi hii Cecilia, binti wa Theresia, anaolewa. Katika ukoo wao binti hatoki nyumbani kabla baba hajampa neno la kumuaga. Baba yake, Paulo, alifariki Februari mwaka huu wa 1975. Lakini mwaka jana, walipokuwa wakihamia kijiji cha ujamaa naye tayari anaumwa, aliiona rekoda ya kikundi akaomba aseme neno lake mapema. Limo kwenye tepu moja tu, na rekoda haichezi.

Damiani, mwenye miaka 43, hajasoma chuo. Alianza kwa kuharibu redio ya mjomba wake kule Misigiri, akachapwa, kisha akaitengeneza. Huu ni mwaka wa kumi na nne yupo hapa barazani. Mwezi mzuri anapata kama shilingi mia mbili na hamsini. Mwaka jana njaa ilipobana, anasema, watu waliuza redio, hawakuzitengeneza.

Mwishowe Gasto anakiri. Rekoda ilianza kulia kwi, kwi, na kwake kila kinacholia au kukauka hupakwa nyonyo: baiskeli, bawaba za mlango, ngozi za ngoma. Alimimina kijiko kizima. Anajitetea kwamba ngoma zake hazijapasuka miaka saba.

Damiani hamgombezi. Anamweleza tu kwamba ngoma ni ngozi, lakini mkanda wa rekoda ni mpira, na mpira ukinywa mafuta huvimba na kuteleza. Mota inajizungukia peke yake.

Anafuta kila gurudumu kwa pamba na spiriti. Mkanda mpya dukani hakuna, kwa hiyo anakata pete nyembamba kutoka mpira wa ndani wa baiskeli. Theresia anataka tepu ya mumewe iwekwe hapo hapo. Fundi anakataa.

"Mashine isiyotulia hula tepu," anamwambia. "Ikiila hii, mama, mimi sina Paulo mwingine."

Anaijaribu kwanza kwa tepu ya kwaya fulani asiyoijua. Kwaya inaimba polepole mno, naye anadhani ndivyo waimbavyo. Ndipo anaweka ya Paulo. Sauti inatoka, nzito, ya kukokota. Gasto anapiga makofi. Theresia anatikisa kichwa.

"Huyo si Paulo. Paulo alikuwa na haraka. Hata salamu alizikimbiza."

Haya inampata fundi, na hafichi. Anasema alikuwa karibu kuridhika. Anafungua tena, na kweli, nyonyo imejificha kwenye kigurudumu kinachobana tepu. Anakisugua mpaka pamba inatoka nyeupe.

Safari hii sauti inatoka nyembamba, mbio mbio: "Cecilia mwanangu, usilie, utawachelewesha watu..."

Theresia anainua mkono. "Zima, fundi. Lililobaki ni lake, alisikie yeye kwanza." Machozi yanamtoka, na anacheka humo humo.

Gasto anauliza malipo. Damiani hataki fedha. Jumamosi atafunga kazi aende Ulemo, rekoda ikiwa mapajani mwake, maana Gasto hamwamini tena. Baada ya harusi anaomba kuiazima siku mbili, afike nayo Misigiri.

Baba yake alifia huko mwaka 1968. "Nimetengeneza redio nyingi, nimesikia watu wa dunia nzima," anasema, akifunga skrubu ya mwisho. "Sauti ya baba siikumbuki tena. Ila mama bado yupo. Nitamwambia aseme lolote, hata anigombeze."