Salamu Niliyoitoa Sokoni Imemponza Wifi wa Watu

Admin, nisitiri jina, maana Pemba ni ndogo na mawakili wa kike tunahesabika. Nina miaka 33, nimeolewa, nina watoto wawili. Haya yalinianza mwezi uliopita.

Alinijia mama mmoja wa Pujini, nitamwita Bi Time. Alitaka kudai fungu lake la mikarafuu ya marehemu baba yake, ambayo kaka yake mkubwa anaichuma peke yake miaka yote. Alisindikizwa na wifi yake, mke wa mdogo wake. Nyumbani waliaga wanakwenda hospitali. Akaniambia, "Mwanangu, kaka asijue mpaka karatasi za mahakama zimfike." Nikamwapia.

Wiki ile ile nikakutana na huyo kaka sokoni Chake Chake. Ndiye aliyenisomesha Kurani utotoni. Huku kwetu salamu haiishi mpaka umeulizia ukoo mzima, na mimi mbele ya mwalimu wangu narudi kuwa mtoto. Akauliza, "Wote hawajambo?" Nikajibu mbio mbio, "Hawajambo, Mwalimu. Hata Bi Time nilikuwa naye juzi ofisini, mzima kabisa."

Akanikazia macho: "Ofisini kwako?"

Nikababaisha kuwa alipita kunisalimia tu, lakini yule mzee si mjinga. Siku ile ile alimpiga marufuku dada yake kukanyaga shambani, bila kumwambia habari kazipata kwa nani.

Bi Time akaamini aliyesema ni wifi yake, kwani safari ile waliijua wao wawili tu. Akaja kwangu analia, akanishika mkono: "Mie sina mwengine ila wewe, mwanangu. Yule hata nikifa asinioshe." Nikampa maji ya kunywa. Sikukiri kuwa ni mimi. Niliogopa atanishitaki nifungiwe uwakili, na zaidi niliyaogopa macho yake.

Juzi wifi mwenyewe akanipigia simu. "Bi Wakili, nakuomba umwambie sikusema. Wallahi sikusema." Mnajua nilimjibu nini? "Samahani, siri za mteja siwezi kuzizungumza." Nilisema hivyo bila hata haya, kisha nikafunga mlango wa ofisi nikalia.

Alhamisi Bi Time anakuja kutia saini madai yake. Nimwambie kabla hajashika kalamu, au nimpiganie kesi kwanza ndipo nikiri? Nitukaneni mkitaka, nimestahili. Lakini nishaurini, jamani: nikianza kusema, nianze na nani, aliyeniamini au aliyebeba lawama yangu?