Glavu Tulizowashonea Wabeba Mkaa

Siku ya kwanza nilifika na mtoto mgongoni, Fundi Mkuu akaniuliza kama naye anaomba kazi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa mkasi wa kukatia nyuzi. Hakuuliza nimesoma hadi kidato cha ngapi. Nilikuwa nimemaliza cha nne, na nilikasirika kwamba hakuuliza.

Karakana yetu ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la jumla, Kariakoo. Duka na karakana vilikuwa vya Tajiri, mama wa Kichaga mwenye sauti ya chini. Fundi Mkuu alikuwa mzee wa Kihindu, mzaliwa wa Kisutu, na alimwita kila mshonaji kwa jina la mtoto wa mshonaji huyo; mimi nikawa mama Neema. Tulishona glavu za waendesha baiskeli: wasambaza mikate, wauza samaki, na hasa wabeba mkaa wanaotoka Pugu na magunia kuja Ilala. Mume wangu alikuwa mmoja wao. Ndiyo maana niliitaka kazi ile.

Nyie mnaoingia kazini leo mnadhani glavu ni glavu. Sikilizeni. Mgongo wa glavu ni turubai jepesi, ili mkono upumue. Kiganja ni ngozi. Ndani ya kiganja kuna mito miwili midogo, na kati yake unaacha mfereji, kwa sababu pale chini ya kiganja unapita mshipa wa fahamu wa vidole viwili vya mwisho. Ukiukandamiza kutwa nzima kwenye usukani, vidole vinakufa ganzi. Zamani mito ilijazwa vipande vya blanketi zito vilivyoshindiliwa. Ukiivaa glavu unaiona ngumu, lakini baada ya wiki inakaa kama mkono wako, na mvua haiifanyi kitu.

Kutoka kwenye mkasi nilihamishiwa kwenye kugeuza vidole kwa kijiti, kisha nikapewa cherehani. Mito ililetwa kwangu kutoka chumba cha ndani, yote miwili imeshafungwa ndani ya kitambaa kimoja, nami naishonea kwenye ngozi. Chumba cha ndani hakuingia mtu ila Fundi Mkuu na wasichana wake wawili. Niliambiwa ndio utaratibu. Sikuupenda.

Mipaka ilikuwa imefunguliwa kwa bidhaa za nje, na makontena yakawa yanashusha glavu za Dubai, laini kama mashavu ya mtoto. Mwaka huo mito yetu nayo ikawa myepesi. Niliipima mkononi, nikaendelea kushona, nikaanza kumtazama Fundi Mkuu. Anakuja wa kwanza, anaondoka wa mwisho. Mkoba wake haukosi kujaa. Niliwauliza wasichana wake, wakacheka na kusema mama Neema una wivu wa kazi. Nikajua mzee anauza blanketi pembeni.

Nyumbani mume wangu aliangusha kikombe. Nikasema amechoka. Akaangusha tena. Kisha akaniambia kwamba kwenye mteremko wa Pugu alibana breki na hakujua kama amebana au hajabana. Alijua tu alipokuwa mtaroni, mkaa umemfunika. Nilichukua glavu zake, nilizozishona mwenyewe, nikazichana kwa wembe. Ndani kulikuwa na sponji ya godoro, imeshakuwa unga. Mto ulikuwa mmoja. Mfereji haukuwepo.

Asubuhi nilizitupa mezani mbele ya watu wote. Nikamwambia Fundi Mkuu, "Blanketi unazopeleka kwako zimemla mume wangu mkono."

Alifungua chumba cha ndani. Blanketi zilikuwa zimepangwa hadi darini, zina vumbi, hazijaguswa. Mkoba wake ulikuwa na mabaki ya turubai, mkewe anashonea vikapu. Mzee aliniambia, na hakunitazama, kwamba Tajiri alipomwagiza ajaze sponji alikataa mara mbili, na mara ya tatu alikumbuka umri wake, akatii.

Tajiri alikuwa ameshafika mlangoni. Hakukana. Alisema wateja wanabonyeza glavu kwa kidole gumba. Ikizama wanalipa, ikikataa wanakwenda duka la jirani kununua ya Dubai. "Akishanunua, hakuna anayerudi mwezi wa pili kulalamika, mama Neema."

"Huyo wa mwezi wa pili ni mume wangu," nikasema.

Akaagiza nipewe pea mpya nimpelekee. Laini. Niliziacha pale mezani, nikambeba mwanangu, nikaondoka. Huko ndiko kustaafu kwangu, na bado nanyonyesha.

Kwa hiyo ninyi mnaoanza, mkiletewa kitu kimefungwa mkishone, kifungueni kwanza. Mkikatazwa, hamna haja tena ya kukifungua: mmeshajua. Nami nilimkamia mtu asiye mwizi huku wizi wenyewe ukipita chini ya sindano yangu.

Sasa nashona glavu nyumbani Ilala, za blanketi, mito miwili. Haziuziki haraka. Juzi mbeba mkaa mmoja alivaa moja, akakunja ngumi, akacheka. "Shemeji, hii glavu au tofali?"

Nilimwita mume wangu atoke nje wasalimiane. Yule mteja akaushika mkono wa mume wangu, akasubiri kubanwa. Akasubiri. Kisha akauachia taratibu na kuivaa glavu ya pili.